Kiti cha Kushoto

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, zamani hii hii ya gari za kabureta, aliishi Moshi mama mmoja, Bi. Ndeshi, aliyewahi kushindana kwa gari hadi wanaume wakala vumbi lake. Msicheke. Uzeeni macho yakaanza kufifia. Daktari akamwambia, "Mama, mwaka huu ndio wa mwisho kushika usukani." Basi akatamani jambo moja tu: aliendeshe gari lake la mashindano kwenye msafara wa magari ya zamani, akiwa bado anaiona barabara.

Akaliwasha. Likaunguruma vizuri, lakini lilipopata moto, taa ya oili ikawaka. "Taa za zamani hizi, zinazusha tu!" akasema, akakanyaga mafuta.

Mama Aikande, jirani yake mshona nguo, akatupa kitambaa, akakimbia, akasimama mbele ya gari. "Zima, dada! Zima! Injini inagonga kikavu!" Bi. Ndeshi akazima huku amenuna. Kumbe ingezunguka kidogo tu zaidi, vyuma vingesagana, na basi tena.

Akaitwa fundi Kiure. "Niwekee oili nzito, kelele ziishe, niende zangu," Bi. Ndeshi akamsihi. Kiure akagoma katakata. "Hapo tutakuwa tumeiziba mdomo, mama, hatujaitibu." Akatoa swichi ya taa, akafunga mahali pake geji, kipimo cha msukumo wa oili. Injini ikiwa ya baridi, mshale ulisimama. Ilipopata moto, ukalala chini kabisa. "Taa haizushi. Oili haipandi. Aliyeiunda injini hii ndiye aifungue."

Akaja Mbwambo, aliyeiunda upya mwaka uliopita. Akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akakuta chujio la oili limezibwa na vipande vya gundi nyekundu ya gasketi. Alikuwa peke yake chini ya gari. Angevifuta kimya kimya, nani angejua? Akatoka, akavua kofia. "Mama, gundi hii niliipaka mimi, nikazidisha. Na nilipaka hivyo hivyo kwenye kifuniko cha mbele cha injini. Tusiposafisha na kule, itaziba tena." Hasira zikampanda Bi. Ndeshi, kisha zikashuka. Wakasafisha kote.

Siku ya msafara, injini ikapata moto na mshale ukabaki umesimama. Bi. Ndeshi akalia mbele za watu, wala hakujificha. "Asanteni, wanangu. Asante, jirani. Mmenirudishia barabara yangu." Alitaka kuwapakia wote, lakini gari la mashindano lina viti viwili tu. Nyuma ni mabomba matupu ya chuma, ya kukinga gari likipinduka.

"Nisingesimama mbele yake, leo lingekuwa chuma chakavu," akasema Mama Aikande.

"Na ningemimina oili nzito," akasema Kiure, "injini ingekufa njiani, mama akiwa ndani."

Mbwambo akainamisha kichwa. "Mimi nilikosa. Pandeni nyinyi."

"Eeh, si ndiye aliyeiharibu!" akasema Mama Aikande.

"Ndiye," akajibu Kiure, "na asingesema ukweli, ingeharibika tena leo."

Bi. Ndeshi akaufungua mlango wa kushoto, akawatazama mmoja mmoja, na wote aliwapenda. Mbele, bendera ilishainuliwa.

Haya, nyie mnaotikisa vichwa hapo, macho ya mama hayangoji. Je, nani alistahili kupanda?