Miiba Kumi na Mmoja Kibuyuni

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia watoto tu. Nyinyi wakubwa mnaojua kukalia viti vya kamati, midomo yenu imeshonwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekamilika. Hadithi ya leo ina miiba, basi angalieni mnapokaa.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde liitwalo Mng'aro. Wanyama wa Mng'aro walikuwa na chama. Chama cha nini? Cha kutendeana mema. Mgonjwa akilala, wanampelekea maji. Mjane akivujiwa, wanamwezekea. Mzee akishindwa kwenda malishoni, wanamletea majani mlangoni, wanayaweka, wanaondoka. Lilikuwa jambo zuri, nami silisemi vibaya.

Mwenyekiti alikuwa Kifaru, mkubwa wa mwili, mkubwa wa moyo, lakini macho yake hafifu. Katibu alikuwa Kanga, mwepesi wa miguu na mwepesi wa mdomo. Wanachama walikuwa wengi, ila washikeni hawa wawili: Nungunungu, mpole mwenye miiba mgongoni, na Mama Fuko, mdogo kuliko wote, akaaye chini ya ardhi.

Chama kilikuwa na desturi yake. Kila kazi ikiisha, kibuyu huwekwa nyuma ya kichuguu. Wanachama wanapita mmoja mmoja, hakuna amwonaye mwenzake. Ukiona kazi imekwenda vizuri, unatia mbegu ya mkwaju. Ukiona kuna kasoro, unatia mwiba wa mgunga. Kisha Katibu anakimwaga kibuyu mbele ya wote. Zikitoka mbegu tupu, wanakula, wanakwenda zao. Ukitoka mwiba, hata mmoja, hakuna kula wala kuondoka mpaka kasoro ijulikane. Ndivyo walivyoagiza waliokianzisha chama, nao hawakuwa wajinga.

Basi mwaka mmoja kiangazi kikakaza. Mto ukawa mchanga. Wenye nguvu wakaenda kunywa mbali, ng'ambo ya vilima. Wasio na nguvu je? Kifaru akashauri wajenge lambo, wauzibe mkondo wa chemchemi itokayo mlimani, maji yakusanyike karibu, wazee na vilema wapate kunywa. Wakajenga. Udongo, mawe, matope. Siku ishirini. Maji yakajaa, wazee wakanywa, Kongoni mwenye mguu mbovu akanywa huku analia. Kifaru akalipenda lambo lile kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza.

Chini ya ukuta wa lambo, ndani ya ardhi, ndiko alikoishi Mama Fuko. Mumewe alikufa mwanzoni mwa kiangazi kile, na chama ndicho kilichomsitiri. Sasa alikuwa na watoto watatu wachanga, hata macho hawajafumbua. Siku moja amewalaza, akasikia.

Ti. Ti. Ti.

Akagusa ukuta. Umelowa. Maji yalikuwa yakipenya chini ya lambo, na Fuko anaujua udongo kuliko nyinyi mnavyozijua nyumba zenu. Akaenda mbio kwa Kanga, akamweleza. Kanga akamjibu kwa upole kwamba chama kina utaratibu wake, mwenye neno alitie kibuyuni kama wenzake. Akamkumbusha pia ni nani waliomlisha alipofiwa. Mama Fuko akanyamaza. Mkono uliokulisha, utaanzaje kuusema?

Kikao kikafika. Mama Fuko akapita nyuma ya kichuguu, akatia mwiba.

Kanga akamwaga kibuyu. Kwaa! Mbegu, mbegu, mbegu, na mwiba mmoja. Kimya. Kifaru akainua pua, akauliza mbona wamenyamaza. Alipoambiwa kuna mwiba, uso ukamshuka. Kanga akauona uso ule, akawahi.

"Huo ni wa Nungunungu, Mwenyekiti. Umemdondoka alipopita."

Wakacheka wote. Nungunungu akaona haya. Ni kweli miiba ilikuwa ikimdondoka, mkewe alimgombeza kila asubuhi kwa ajili ya malazi yao. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Niwieni radhi, ndugu zangu," akasema.

Akaomba radhi, na ule mwiba hakuutazama. Liwekeni hilo moyoni, tutalirudia. Mwiba ukatupwa, wakala, wakaenda zao.

Ti ti ti. Ti ti ti.

Mama Fuko akaanza kuchimba shimo jingine mbali na ukuta, awahamishe wanawe. Lakini ardhi ya kiangazi ni mwamba. Akachimba leo, akachimba kesho, kucha zikavuja damu, na shimo lenyewe likaingia kichwa tu. Kikao cha pili akatia miiba mitatu.

Kwaa! Mbegu, mbegu, mbegu, na miiba mitatu. Kanga hakungoja kuulizwa. Akasema leo Bwana Nungunungu amezidisha. Wakacheka tena, ila kicheko cha siku ile kilikuwa kifupi. Wakaazimia kwamba tangu hapo Nungunungu asikisogelee kibuyu, mbegu yake itapelekwa na Nyani. Nungunungu akakubali. Alikuwa mpole, nimeshawaambia, na upole nao una ugonjwa wake.

Titititi. Titititi.

Kikao cha tatu kikawa sherehe. Wageni walikuja kutoka bonde la pili, wamesikia sifa za lambo, wanataka kuona wajifunze. Chakula kikapangwa juu ya majani. Kifaru alikuwa amejipaka matope mapya mwili mzima. Ilikuwa mchana, jua kali, lakini kule mlimani mawingu yalikuwa yamejikusanya na upepo umegeuka, unanuka mvua. Wengine walifurahi. Mama Fuko akaufikiria ukuta. Aliwaacha wanawe watatu shimoni, maana jua lile lingewaua, akapanda kichuguuni, akatia miiba yote aliyoweza kuibeba.

Kanga akakishika kibuyu. Akakohoa kidogo kwa ajili ya wageni. Akakimwaga.

Kwaa!

Mbegu, mbegu, mbegu. Mwiba. Mwiba. Mwiba. Mwiba. Mwiba. Mwiba. Mwiba.

Saba. Wageni wakatazamana. Kanga akacheka peke yake, akasema wageni wasishangae, ni miiba ya Bwana Nungunungu, wamezoea.

Hakuna aliyecheka. Nungunungu alikuwa ameketi kule mwisho, mbali kabisa na kibuyu, mahali walipomweka wenyewe. Akainuka. Chakacha, chakacha, miiba yake ikalia akipita katikati yao. Akasimama mbele ya Kifaru.

"Mwenyekiti, mimi leo sikukigusa kibuyu. Nyani ni shahidi."

Nyani akatazama chini, akakubali kwamba ni kweli. Nungunungu akaokota mwiba mmoja uliomwagika. Kisha akageuza shingo, akakaza meno, akang'oa mwiba mgongoni mwake. Akailaza yote miwili juu ya jiwe.

"Wangu una mabaka, meusi na meupe. Huu ni mweupe mtupu, ni wa mgunga. Mwenye macho atazame."

Kanga akasema wageni wana njaa, jambo hilo litapelekwa kwenye kamati ndogo. Mnacheka? Kamati ndogo mnazijua wenyewe.

Kifaru alikuwa ameaibishwa mbele ya wageni. Akakwaruza ardhi kwa mguu. Gu. Gu. Wanyama wote wanaijua ishara ile, Kifaru akikwaruza hivyo anayekaa mbele yake hukimbia. Nungunungu aliogopa, miiba yote mwilini ikatetemeka ikalia. Lakini alikwenda akaketi mbele ya chakula, akakizuia kwa mgongo.

"Desturi inasema hakuna kula wala kuondoka," akasema. "Mara mbili niliomba radhi kwa kosa nisilolijua. Leo siombi."

Alikuwa ameomba mara moja tu, lakini siku ile ya pili, alipokubali, ni sawasawa na kuomba. Kifaru akahema. Akahema tena. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu awe mwenyekiti. Akainamisha kichwa chake kile chote mpaka jicho likakaribia jiwe, akautazama mwiba wa kwanza, akautazama wa pili, akarudia.

"Mwenye mwiba huu ni nani?" akauliza.

Udongo ukafukunyuka miguuni pao, na Mama Fuko akatokeza, matope mpaka machoni.

"Ni wangu. Na ile ya vikao vilivyopita ni yangu, yote kumi na mmoja. Ukuta unavuja kwa chini, Mwenyekiti. Wanangu wamo humo."

Wakatega masikio. Na katika kimya kile wakasikia wote, hata wageni, hata Kanga. Haikuwa tena ti ti ti. Ilikuwa tiriririri. Na mbali, kule mlimani, vuuuuu. Mvua ilikuwa imeshanyesha kule juu, na maji yalikuwa yanakuja.

Wakakimbia. Kifaru akaagiza walete mawe wazibe. Mama Fuko akamwambia hapana, ukizibwa chini utapasuka wote kwa pamoja, na vibanda vya wazee viko bondeni. Ubomolewe upande wa juu, kwenye majabali, maji yapate njia yake. Kifaru akalitazama lambo. Siku ishirini. Wageni wako nyuma yake. Akalitazama lambo, akamtazama Mama Fuko, akainamisha pembe.

Pwaa! Pwaa! Ukuta wa juu ukafunguka, maji yakaruka kuelekea majabalini. Wakati huo Nungunungu alikuwa anachimba kule chini, kwa sababu nungunungu ni mchimbaji, na mikono yake ina nguvu kuliko ya Fuko. Akachimba, tope likaruka. Akamtoa mtoto wa kwanza, mzima. Akamtoa wa pili, mzima, anakohoa. Akauingiza mkono kumtafuta wa tatu, akauingiza mpaka begani, akamgusa, na udongo ukatitia.

Walichimba mpaka jua likaelekea kuzama. Vibanda vya wazee vilinusurika, hakuna hata kimoja kilichochukuliwa. Mtoto wa tatu wakamtoa, lakini hakuwa hai. Mama Fuko aliketi tu juu ya tope, akimpangusa.

Nanyi mnajua, chama kile kilikuwa chema. Wakamzika mtoto. Wakamchimbia Mama Fuko nyumba mahali pakavu, wakamletea chakula siku saba. Mwishoni mwa siku saba, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi ya chama, kibuyu kikawekwa nyuma ya kichuguu. Wengi hawakutaka. Kifaru akasema desturi ni desturi, na Nungunungu apite kama wengine.

Kanga akakimwaga. Kwaa! Mbegu, mbegu, mbegu, na mwiba mmoja.

Hakuna aliyecheka. Kifaru akainamisha kichwa hadi chini, jicho kwa mwiba. Ulikuwa na mabaka, meusi na meupe. Safari hii Kanga hakusema kitu. Wote wakamgeukia Nungunungu, na Kifaru akamuuliza taratibu kama umemdondoka.

"Haukunidondoka," akasema Nungunungu. "Huu nimeutia mwenyewe. Nawalalamikia nyinyi mliosema ni wangu, najilalamikia mimi niliyekubali. Ule wa kwanza ningeutazama tu, yule mtoto angekuwa anafumbua macho wiki hii."

Wakakaa. Hakuna aliyekula wala kuondoka. Kanga ndiye aliyelia wa kwanza, kisha Kifaru. Mama Fuko akaukokota ule mwiba wa mabaka mpaka kwenye nyumba yake mpya, akauchomeka mlangoni, na watoto wake wawili walipofumbua macho, ndicho kitu cha kwanza walichokiona duniani.

Ndiyo maana wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Ukitenda wema, muulize uliyemtendea, na akikujibu lisilokupendeza, litazame kwanza kabla hujacheka. Na wewe mpole, usiombe radhi kwa kosa ambalo hukuliona. Anayekutilia mwiba kibuyuni bado anakutumaini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kibuyu nimekiweka nyuma ya mlango. Mwenye mbegu atie, mwenye mwiba asione haya, kesho asubuhi nitakimwaga na kuitazama miiba mmoja mmoja.