Nguchiro na Jiwe la Pweza

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kitwana, toa kidole puani, ngano inaingia kwa masikio.

Hapo kale na kale, bibi wa bibi yangu hajaota hata jino, wanyama wa nchi kavu walisoma skuli pwani. Mwalimu wao alikuwa Bi Kasa, kobe wa baharini. Mimi si mmbea, lakini wanasema mumewe alimkimbia kwa ukali.

Siku moja ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kiasi, maji yalikupwa mpaka mwamba ukabaki mtupu kama meza. Bi Kasa akawapanga Mbuzi, Kanga, Komba, na Nguchiro nyuma ya wote.

"Leo tunasoma wanaokaa chini ya mawe. Inua, tazama, rudisha. Inua, tazama, rudisha. Nimesema mara ngapi?"

"Mara mbili, Mwalimu!"

"Na ya tatu hii: rudisha!"

Nguchiro akacheka. "Mawe yamejaa pwani nzima. Moja likilala chali, nani atalia?"

Akachepuka na fimbo yake, anatafuta kaa wa kula. Akapindua jiwe la kwanza, akakuta kombe. Akaliacha chali. Akapindua la pili, akakuta jongoo wa pwani. Akaliacha chali. La tatu lilikuwa kubwa, liko kwenye mteremko. Akalichokonoa, likapindukia chini, puu! Fimbo ikavunjika.

Chini ya jiwe lile alikuwa Pweza. Na mayai yake yalikuwa yamening'inia jiweni, meupe, mengi kama mchele. Sasa yote yanatazama jua.

Nguchiro hajacheka vizuri, mnyiri wa Pweza, huo mkono wake mrefu, ukamzunguka mguu.

"Rudisha jiwe, mwanangu."

"Niachie kwanza, bi mkubwa."

"Rudisha kwanza."

Nguchiro akasukuma. Kuliteremsha ilikuwa rahisi, kulipandisha ndiyo kazi. Jiwe halikutikisika. Na kule mbele, maji yameanza kujaa.

"Yaone yale maji," akasema Pweza. "Yakifika hapa yanakuja na samaki, watawameza wanangu wote. Na wewe hujui kuogelea. Maji ni yale yale, yako na yangu."

Maji yakafika kwenye kucha. Nguchiro akapiga kelele, "Wavuvi hao! Wana mikuki!"

Pweza akageuka rangi ya mwamba, hungejua alipo. Lakini mnyiri haukulegea. "Waje. Mimi hawanioni. Wewe wanakuona."

Maji yakafika magotini. Nguchiro akalia, "Bi mkubwa, mama yangu mgonjwa, hajiwezi!"

Kaa, jirani wa Pweza, akatoa jicho tunduni, akamwambia mwenzake. "Mgonjwa wa wapi, shoga! Nimemwona asubuhi harusini kwa Fungo, anakata kiuno mpaka kanga imemdondoka!"

Maji yakafika tumboni. Nguchiro akauma mnyiri, kacha! Ukakatika. Lakini kipande kile kikaendelea kumng'ang'ania, na mnyiri mwingine ukamshika mguu wa pili.

"Umekata mmoja. Ninayo saba. Na samaki wa kwanza, changu, yule pale."

Majini palipita mkia wa manjano.

Safari hii Nguchiro akalia kweli. "Siliwezi peke yangu!"

Pweza akalipima jiwe kwa macho. Kisha akasema, "Nikikushika wewe, siwezi kusukuma. Nikikuachia, utakimbia."

Wakatazamana. Maji kifuani.

Pweza akamwachia.

Nguchiro huyoo! Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mngefanyaje nyinyi? Mbona kimya?

Akageuza shingo. Pweza alikuwa anasukuma jiwe peke yake kwa minyiri saba. Na mayai yale, kila moja lina vitone viwili vyeusi. Macho. Yanamtazama yeye.

Nguchiro akarudi. Akatia bega. "Haya, bi mkubwa! Moja! Mbili! Tatu!"

Jiwe likageuka, puu! Pweza akaingia chini yake, akaziba mlango kwa vijiwe. Hata kwaheri hakusema. Samaki wakaja, wakazunguka, wakazunguka, wakaenda zao.

Maji yakampita Nguchiro pua. Akameza funda moja, akameza la pili. Mara kitu kigumu kikamwinua tumboni. Bi Kasa!

"Nimehesabu watoto mara tatu, kila mara umepungua wewe. Jiwe umerudisha?"

"Nimerudisha, Mwalimu."

"Ulipindua mangapi?"

Nguchiro akainua vidole vitatu.

"Kesho tutaanzia kwa yale mawili yaliyobaki."

Bamvua ikapita, na nyingine ikapita. Ya tatu, Nguchiro akaenda kwenye jiwe lile, akainua ukingo polepole kwa fimbo mpya. Mayai yamebaki maganda. Watoto wameshatoka. Pweza hayupo.

"Shoga yangu hakula siku zote zile," akasema Kaa, na safari hii hakuwa na umbea. "Aliwapepea wanawe kwa maji mpaka walipotoka. Kisha akafa."

Chini ya jiwe hapakuwa na mtu. Nguchiro akalirudisha vilevile lilivyokuwa, taratibu.

Basi, wanangu, mkienda pwani na mwalimu wenu, jueni kila jiwe ni paa la nyumba ya mtu. Tazameni mshibe, kisha rudisheni. Hata kama hamkuona mtu ndani.

Ngano yangu naifunga hapa. Penye utamu mgawane, penye chumvi niachieni mimi na meno yangu matatu.