Lebo ya Achari ya Mishi

Achari ya Mishi ilipata mnunuzi ng'ambo, basi Mzee Fakii mwenye ghala akamjia juu. “Lebo iseme mtengenezaji ni mimi, la sivyo mzigo wako utaozea humu!”

Mishi, mtoto mgongoni, akaitikia upesi. “Sawa baba, jina lako. Ila mtengenezaji huonja mbele ya mkaguzi wa mizigo.”

“Kwani achari ni simba?”

Mkaguzi alipofika, chupa zote zikiwa na jina la Fakii, Mishi akamfungulia mzee chupa moja. Mzee akabugia kijiko kizima, mara machozi, mara kamasi. “Maji! Si mimi niliyetengeneza, ni huyu mwanamke!” Akatimka kutafuta bomba.

“Lebo za uongo hizi, zibanduliwe,” akasema mkaguzi.

Mishi akachomoa lebo zenye jina lake, gundi tayari. Kisha akaifunika chupa ile ya pilipili kichaa, aliyompikia mzee peke yake, akamwonjesha mkaguzi achari ya mzigo: ya embe, tamu.