Kasuku wa Soko la Rasmawe

Hebu nijibu, wewe uliyekaa hapo: umewahi kuombwa maoni na wakubwa, ukayatoa kwa moyo mmoja, kisha ukaja kusikia kwamba ulichosema ni ahsante? Basi sikiliza yaliyowapata watu wa Rasmawe, ujue kwamba si wewe wa kwanza, na kwamba wao hawakunyamaza.

Katika mji huo alitawala Sultani Mundhiri bin Saadi, mwenye majumba ya marumaru na walinzi wa kila rangi ya kilemba, na chini ya amri yake alikuwapo jini aitwaye Harmazani, aliyefungwa na waasisi wa mji kwa pete ya chuma ili akusanye kodi ya majiko. Kila juma jini huyo aliingia kwa moshi katika kila nyumba, akachukua kibaba kimoja cha mchele kwa kila jiko, na asiyekuwa nacho alipuliziwa moto wake ukazimika, na uliozimwa kwa pumzi ya Harmazani hauwaki tena milele. Na jiko lilikuwa jiko tu: la ajuza anayechemsha mchicha lilitoa kibaba, na la Waziri Burhani, lililobanika mbuzi wazima kwa safu, nalo lilitoa kibaba kile kile. Hiyo waliiita usawa, na waliokuwa wakiiita hivyo walikuwa wameshiba.

Lakini waasisi waliweka sharti: jini atatii badiliko lolote la kodi litakalosemwa kwa kauli ya raia mbele ya Sultani, katika baraza la mwaka. Na kwa kuwa raia ni wengi na ukumbi ni mdogo, desturi ikawa kupeleka kasuku sokoni katika matundu yao, watu wawaambie shida na rai zao, kisha ndege warudishwe ikulu, na siku ya baraza waseme. Ushirikishwaji huo, bwana. Turubai lilifungwa, maji ya kunywa yaligawiwa, na maofisa walikula posho ya kulinda matundu. Na kila mwaka, barazani, kasuku walisema neno moja tu: "Raia wameridhika."

Sasa palikuwa na kijana Idarusi bin Makame, aliyerudi kutoka ng'ambo na ijaza ya hesabu na ijaza ya sheria, zenye mihuri mikubwa kama visosi, akaenda ikulu kuomba ukarani. Wakamuuliza uzoefu wake. Akasema ndiyo kwanza amehitimu. Wakamwambia arudi akishakuwa na uzoefu, yaani aupate wapi, mbinguni? Hata hivyo wakamweka uani asubiri, na akasubiri mpaka wakamsahau kama ndoo. Na huko uani ndiko alikowaona watumishi wa Waziri wakiwanyima kasuku chakula, kisha wakiwaonyesha punje za mtama na kuwatamkia, "Raia wameridhika," na ndege aliyesema alikula, na asiyesema alilala njaa. Ilikuwa desturi yao kufanya hivyo kabla ya soko, na kufanya tena baada ya soko.

Idarusi akatoka mbio mpaka kwa Mashavu binti Shomari, muuza vitumbua, mjane kijana aliyekuwa akimpa vile vilivyoungua bila kumdai kitu, akamweleza yote, na sauti ikamkatika kwa hasira.

"Kwa hiyo ijaza mbili zimekufundisha kulia," Mashavu akamwambia, akigeuza kitumbua. "Wao wanawafunza kwa mtama mkavu, bwana msomi. Mtama. Mimi nina nazi na iliki. Wewe ungekuwa ndege ungemsikiliza nani?"

Na biashara ilikuwa mbaya mwaka ule, na ndani ya nyumba yake kilibaki kibaba kimoja tu cha mchele, kile cha jini, ambaye angekuja jioni ya baraza. Alipouinamisha mtungi aloweke mchele huo, Idarusi akamshika mkono, akamkumbusha kwamba moto wake ukizimwa hana kazi tena maisha yake yote. Akajibu kuwa hilo analijua kuliko yeye, na mkono auachie, mchele unamwagika.

Kasuku walipoletwa sokoni, nusu ya mchele ule, uliokwisha kusagwa na kuumuliwa, ilikwishakaangwa, na kila aliyesema na ndege alimpa kipande cha kitumbua mdomoni. Na watu wa Rasmawe hawakulalamika tu, walibishana kama wenye mji. Kinyozi Ngwali alitaka kodi zote zifutwe, na wachota maji wakamcheka, wakamuuliza visima atavichimba kwa wembe? Wakazozana, wakatukanana kidogo, wakapatana, na kasuku wakala na kusikiliza.

Siku ya baraza Waziri Burhani alisimama kwa juba la hariri, akatoa dua ndefu na shukrani ndefu zaidi, akawanyunyizia kasuku mtama, nao wakasema raia wameridhika, na Harmazani akainamisha kichwa chake cha moshi. Ndipo Mashavu akapita katikati na sinia yenye kawa, akisema ni zawadi ya soko kwa Sultani, na akaifunua. Harufu ya iliki ikajaa ukumbi. Kasuku wakapiga mbawa, na mmoja akasema kwa sauti ya ajuza, "Kodi ipimwe kwa kinachopikwa, si kwa jiko." Na mwingine akasema asiye na akiba asitozwe, bali apewe mpaka asimame, na mwingine, kwa sauti ya Ngwali kabisa, akasema mgao wa mchele wa wazee ukabidhiwe mikononi mwao, usipitie kwa mjumbe wa mtaa maana hapo hupungua. Na mwingine akataka ghala la mji, linamowekwa mchele wa kodi, lifunguliwe milango mchana, kila mtu aone kilichoingia na kilikokwenda.

Waziri akasema ndege wamerogwa. Sultani Mundhiri, aliyekuwa amejiinua kitini, akamwuliza Mashavu kama ni kweli amewaroga.

"Ewe Sultani, umri wako uwe mrefu," akasema Mashavu, "nimewalisha. Na kesho sina cha kula, kwa kuwa uliokaangwa hapa ndio mchele wa kodi yangu. Kama maneno haya si ya watu wako, mwambie Harmazani anizimie moto. Kama ni yao, tumesema."

Sultani akasema kwamba hiyo ndiyo kauli ya raia. Na Harmazani akanyooka mpaka akagusa dari, akatoka kama upepo wa kaskazi, na kabla ya adhuhuri ghala la Waziri likawa limetozwa kodi kwa hesabu ya mbuzi anaowabanika, na moto wa Mashavu ukawaka hata bila kuni.

Idarusi akapewa ulinzi wa ghala la mji, akakubali kwa sharti kwamba wachota maji na wauza samaki wakague pamoja naye. Kisha akamposa Mashavu, naye akauliza mbele ya watu kama bwana harusi ana uzoefu, na soko lote likacheka, na wakaoana, na wakaishi kwa heri. Na watu wa mji ule hata leo hutembea vichwa juu, kwa sababu sheria yao ya kodi waliitunga wenyewe, na inafanya kazi.

Funzo ni hili: anayepika ndiye anayejua jiko linabeba nini. Basi ninyi wenye funguo za hazina, kabla hamjaipitisha bajeti ya mwaka huu, njooni sokoni wenyewe, asubuhi, bila king'ora na bila posho, mkae kwenye benchi letu, mtusomee kwa Kiswahili nani analipa kiasi gani na nani amesamehewa, na kila rai yetu mtakayoikataa mtuambie machoni kwa nini. Tunawataka Jumatatu.