Bi Pimbi na Fimbo ya Skrubu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyungu vyao na majirani wa kusutana nao kama sisi, palikuwa na mbuga moja yenye nyasi fupi na laini. Hapo ndipo wanyama wakubwa walipochezea gofu.

Nyie wa huko nyuma, msinikatize, gofu nitawaeleza. Unaweka kijipira chini, unakichapa kwa fimbo, unakifuata, unakichapa tena, mpaka kiingie kwenye kishimo kule mbali. Basi, ndiyo gofu hiyo. Mimi sioni utamu wake, lakini wao walikuwa hawalali kwa ajili yake.

Mwenye mbuga alikuwa Bwana Nyati. Kifua kipana, shingo nene, na akiinua fimbo hata nzi walihama. Pwaaa! Kijipira kinatoweka. Tena kinatoweka kwelikweli, maana hakuna aliyejua kimekwenda wapi. Leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa mtoni kwa Kiboko.

Kando ya mbuga kulikuwa na mawe makubwa yaliyopandana, na ndani yake alikaa Bi Pimbi na wanawe. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, mkia hakana, kazi yake kuota jua. Basi vijipira vya Nyati vilimnyeshea Bi Pimbi kutwa nzima. Kimoja kiliwahi kuvunja chungu cha maharage, na siku hiyo watoto walikula ugali mkavu.

Bi Pimbi hakwenda kugombana. Alichukua kifimbo cha mkwaju akawa anavirudisha mbugani. Tik! Tik! Tik! Kila siku, pigo lilelile, bila papara.

Sasa siku moja Korongo, msafiri wa nchi za mbali, akamletea Nyati fimbo mpya. Lo! Kichwa chake kikubwa kama nazi, kinang'aa, na shingoni mwake pana skrubu. Ukiigeuza kwa spana ndogo, kri-kri-kri, kichwa kinaelekea kushoto kidogo. Ukigeuza hivi, kinaelekea kulia. Ukitaka kijipira kiruke juu, unageuza. Ukitaka kiende chinichini, unageuza.

"Sasa watanitambua!" akanguruma Nyati.

Rafiki yake Ngiri, ambaye kazi yake ilikuwa kumbebea mfuko wa fimbo na kumsifu, akadakia, "Watakutambua tu, Mkuu! Wapende wasipende!"

Nyati akapiga. Pwaaa! Kijipira kikaruka, kikapinda, kikatua kwenye mawe ya Bi Pimbi. Ngo!

Ngiri akatazama mbinguni, eti anaangalia mawingu.

"Ni haya mawe," akasema Nyati. "Fimbo nzuri, mikono mizuri, lakini mawe yananiharibia mchezo. Yavunjwe!"

Wakaenda wote wawili hadi mlangoni.

"Hodi!"

"Karibuni," akajibu Bi Pimbi huku akijifuta mikono. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kesho kutwa navunja mawe haya. Toa watoto wako."

Bi Pimbi akatazama juu. Kule juu Tai alikuwa akizunguka polepole, kama afanyavyo siku zote. Pimbi asiye na tundu la kujifichia, wanangu, ni kitoweo cha Tai. Ndiyo hali yenyewe, wala simtishi mtu.

"Mheshimiwa, nihamie wapi? Nikiwatoa wanangu hapa, Tai atawamaliza kabla jua halijatua."

"Hayo kaongee na Tai," akasema Nyati.

Hapo Bi Pimbi akashikwa na hasira, hasira ya mama, ile ambayo haipigi kelele. Lakini jicho lake likaiona ile fimbo, likaiona na ile spana iliyoning'inia kwenye pembe ya Nyati. Akatulia. Kisha akatabasamu.

"Kumbe ndiyo hii fimbo inayosemwa! Maashallah! Mwenye fimbo hii si hashindwi na mtu?"

"Na nani anishinde?" Nyati akavimba.

"Hata mimi siwezi?"

Ngiri akacheka mpaka mfuko ukamdondoka. "Wewe? Kakijiti kako hako ka kukorogea uji?"

"Basi tucheze, Mheshimiwa. Ukinishinda, mawe nitayabeba mimi mwenyewe, moja moja. Nikikushinda, mawe yabaki, na hutayagusa maisha yako yote. Ila naomba sharti moja: kila mchezaji aruhusiwe kurekebisha fimbo yake kadiri atakavyo kabla ya kupiga."

Ngiri akamnong'oneza Nyati, "Kubali haraka, Mkuu! Amejimaliza mwenyewe. Kifimbo chake hakina hata msumari wa kurekebisha!"

Nyati akakubali, akaapa mbele ya Mbuni, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi kwa sababu shingo yake iliona mbali.

Kulipokucha, mbuga ilijaa. Twiga walikuja, pundamilia walikuja, nyani wakakaa mbele na kuanza kubishana kabla ya mchezo wenyewe. Wana wa Bi Pimbi walijipanga juu ya mawe yao, kimya, wameshikana.

Mbuni akatangaza, "Mnaanzia hapa kwenye kichuguu. Kishimo ni kile pale kando ya mto. Mnapiga kwa zamu. Atakayetangulia kuingiza kijipira, ndiye mshindi. Bwana Nyati, anza!"

Nyati akavuta pumzi. Akainua fimbo. Pwaaaa!

Jamani! Kijipira kilinyooka. Kiliruka, kikaenda, kikaenda, kikatua mbali kabisa katikati ya nyasi. Lilikuwa pigo ambalo Nyati hakuwahi kulipiga tangu azaliwe.

"Uwiiii!" mbuga nzima ikalipuka. Ngiri akabiringika chini kwa furaha. Kule juu ya mawe mtoto mdogo wa Bi Pimbi akaanza kulia.

Bi Pimbi, nasema kweli, aliogopa sana. Akaweka kijipira chake, akapiga. Tik. Kikaenda mbele moja kwa moja, lakini si mbali.

"Hata kinyonga angekipita!" akapayuka nyani mmoja.

Sasa fikirini wenyewe. Nyati akipiga mapigo mengine mawili ya namna ile, mchezo umekwisha, na watoto wa watu wako nje na Tai. Bi Pimbi akamsogelea Nyati, akitikisa kichwa kwa mshangao.

"Hongera, Mheshimiwa! Pigo la ajabu! Ila..."

"Ila nini?"

"Aa, si kitu. Nisikuharibie furaha."

"Sema, bwana!"

"Nimeona kama mwishoni kimeinama kulia. Kidogo tu, kama upana wa ukucha. Kwa fimbo ya kawaida ningesema tuache, haina dawa. Kwa hii yako sijui."

"Hii yangu inayo dawa!" Nyati akasema, na spana ikashuka kutoka kwenye pembe. Kri-kri-kri!

Mnauliza kijipira kiliinama kweli? Wapi! Kilikwenda kama uzi.

Nyati akapiga. Pwaaa! Safari hii kijipira kikachepuka kushoto, kikazama kwenye miiba.

"Imezidi," akasema Ngiri. "Rudisha kulia, Mkuu."

Bi Pimbi akapiga. Tik.

Nyati akarudisha kulia, kri-kri-kri. Lakini sasa alikuwa na hasira, na mwenye hasira bega lake halikai pale lilipokaa mwanzo. Pwaaa! Kijipira kikatoka kwenye miiba, kikakata kona, kikamgonga Ngiri makalioni. Paa!

"Kwiiii!"

"Umesimama vibaya!" Nyati akafoka.

"Nimesimama nyuma yako, Mkuu!"

Tik, akapiga Bi Pimbi. Nyani yule wa mwanzo akaacha kucheka, akaanza kukuna kichwa.

"Kinaenda chini sana, labda," Bi Pimbi akasema kwa sauti ya huruma. "Fimbo yako si inaweza pia kuinua?"

"Inaweza kila kitu!" Kri-kri-kri. Nyati akainua kichwa cha fimbo mpaka mwisho. Pwaaa! Kijipira kikapanda juu, juu, juu kabisa. Wanyama wote wakainua shingo. Kikarudi chini palepale kilipotoka. Puu! Karibu na kwato zake.

Watu wakacheka! Twiga walicheka hadi wakalazimika kuegemeana.

"Kushoto, Mkuu," akasema Ngiri.

"Kulia!" akasema Nyati.

"Chini kidogo!"

"Nimeshaiweka chini!"

Kri-kri-kri. Kri-kri-kri. Ikawa mlio wa skrubu unasikika kuliko wa kijipira. Nyati hakutazama tena miguu yake, wala mikono yake, wala kijipira chenyewe. Alitazama skrubu tu. Na Bi Pimbi alikuja nyuma yake, tik, tik, mpaka akamfikia, mpaka akampita.

Hapo Nyati akapandwa na wazimu. Akapiga bila kugeuza chochote, kwa nguvu zake zote. Pwaaaa! Na bahati haina adabu, jamani. Kijipira kikagonga mzizi, kikagonga jiwe, kikabiringika kuelekea kishimoni, kikasimama umbali wa unyayo mmoja tu!

"Mkuuuuu!" Ngiri akalia machozi.

Bi Pimbi akapiga. Tik. Kijipira chake kikaenda sawasawa, kikafika ukingoni mwa kishimo, kikasimama. Hakikuingia.

Ilikuwa zamu ya Nyati, na kijipira chake kilihitaji kusukumwa tu. Hata kwa pua kingeingia. Watoto wa Bi Pimbi wakajifunika macho.

Bi Pimbi akakohoa kidogo. "Mheshimiwa, samahani, nauliza ili na mimi nijifunze. Kwa karibu hivi, skrubu huwa inawekwa wapi?"

Nyati alikuwa ameshainama kusukuma. Akasita. Akaitazama fimbo. Akakitazama kijipira. Akaitazama tena fimbo.

"Usigeuze, Mkuu!" Ngiri akapiga kelele. "Sukuma tu! Sukuma!"

"Nyamaza! Wewe unajua nini kuhusu fimbo ya kisasa?"

Kri. Hapana, kushoto kidogo. Kri-kri. Hapana, hapana, kulia. Kri-kri-kri-kri-kri. Skrubu ikawa inazunguka kwa urahisi, ulaini wake unapendeza, na Nyati akatabasamu. "Sasa imekaa," akasema.

Akainua fimbo kwa madaha, akaishusha. Fyuuu! Kichwa cha fimbo kikachomoka kwenye mpini, kikapaa juu ya wanyama wote, kikaenda mtoni. Chubwi! Na mpini mtupu ukapita juu ya kijipira bila kukigusa.

Bi Pimbi akasogea, akaweka kifimbo chake sawa. Tik. Kijipira kikadondoka kishimoni. Kolo!

"Mshindi ni Bi Pimbi!" Mbuni akatangaza. "Mawe yanabaki!"

Lililililili! Vigelegele! Watoto waliporomoka kutoka kwenye mawe, wakamrukia mama yao, wakamwangusha. Pundamilia walicheza. Nyani wakaanza kumwambia kila mtu kwamba wao walijua tangu mwanzo.

Nyati akabaki na mpini mkononi. "Fimbo mbovu! Korongo kanipunja!"

"Fimbo haina kosa, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi akiwa bado chini, watoto wamemkalia. "Imekutii mpaka kichwa kikang'oka. Ile skrubu inamfaa yule anayekosea vilevile kila siku, kila siku kulia, au kila siku kushoto. Huyo akigeuza, anapona. Lakini mimi nimeokota vijipira vyako jikoni, uani, darini na kitandani kwa mtoto, na havikuwahi kuja kwa njia moja mara mbili. Nikajua ukipewa spana, utageuza mpaka kiama."

Nyati akafikiri. Akafikiri sana, na kufikiri kulimchosha.

"Na lile pigo la kwanza? Lililoinama upana wa ukucha?"

"Halikuinama, Mheshimiwa."

"Halikuinama?"

"Hata kidogo. Lilinyooka. Ungeacha skrubu yako ilale, sasa hivi ningekuwa nabeba mawe."

Nyati akakaa chini, pwata! Mbuga nzima ikacheka, na safari hii hata Ngiri alicheka, akiwa amejishika makalio. Nyati alikuwa ameapa mbele ya wote, hivyo hakuwa na la kufanya. Akatupa mpini, akaondoka zake kichwa chini.

Bi Pimbi akawapandisha wanawe kwenye jiwe lililo juu kuliko yote. Tai akazunguka mara moja, akaona matundu yote yako wazi na pimbi wote wako karibu nayo, akaenda kutafuta chakula kwingine. Nao wakajinyoosha juani, matumbo juu, wakacheka mpaka wakasinzia.

Basi nyie mliokuwa macho na nyie mliojifanya mko macho, funzo ni hili: jifunze kwanza kupiga sawasawa, ndipo utafute fimbo ya skrubu.