Bi Kobe na Baraza la Visiwa Vitatu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na visiwa vingapi?

Vitatu!

Basi kaeni vizuri, msivikanyage.

Hapo zamani za kale palikuwa na visiwa vitatu. Kikubwa kilikuwa cha Fahali. Cha kati kilikuwa cha Komba. Kidogo, kidogo kweli, kilikuwa cha Bi Kobe.

Siku za bamvua, maji yakitoka sana, fungu la mchanga liliibuka katikati ya visiwa. Hapo walikutana kufanya baraza. Sheria ilikuwa hii: mkubwa husema kwanza, mdogo husema mwisho, wala mtu asimkatize mwenziwe. Bi Kobe alipewa kazi ya kuangalia maji. Aliketi ukingoni na kijiti chenye alama. Maji yakigusa alama ya kwanza, alitangaza, wakaenda zao.

Mwaka huo bahari ilianza kukila kisiwa cha Bi Kobe. Alikuwa na viota vitatu vya mayai mchangani, na cha karibu kilikuwa hatua ishirini kutoka majini. Alitaka jambo moja tu: wenzake wampe miche ya mikoko, aipande izuie mawimbi.

Baraza la kwanza, Fahali alizungumzia jina la baraza. Akasema, akasema, akasema. Maji yakagusa alama.

"Zamu yako siku nyingine, bibi," akasema Fahali.

Bi Kobe akarudi, akapima. Hatua kumi na tatu.

Baraza la pili, Fahali alizungumzia nani aingie kwanza barazani. Akasema, akasema, akasema.

"Jamani, mayai yangu..."

"Bi Kobe! Unamkatiza mkubwa?" akafoka Fahali.

Komba akacheka. "Bibi wewe, miguu polepole, mdomo mbio!"

Bi Kobe akarudi, akapima. Hatua sita. Kabla ya baraza la tatu, kiota cha kwanza kilizolewa.

Baraza la tatu, Fahali alizungumzia wimbo wa baraza. Maji yakagusa alama ya kwanza. Bi Kobe kimya. Alama ya pili. Kimya. Alama ya tatu. Kimya. Mara Fahali akahisi baridi magotini. Komba akaruka, akaning'inia kwenye pembe yake.

"Maji! Bi Kobe, mbona hukusema?"

"Zamu yangu bado, Mzee Fahali. Hujamaliza wimbo."

"Tutakufa!" akalia Komba.

"Hamfi. Nimepima. Yakifika gotini, njia bado ipo. Lakini hofu hiyo uliyo nayo, mjukuu wangu, mimi nalala nayo kila siku. Na mayai yangu hayana pembe ya kushika. Naomba miche ya mikoko tu, niipande izuie mawimbi."

Fahali akayatazama maji. Hakuwa mbaya, alipenda tu kusikia sauti yake.

"Tusamehe, bibi," akasema. "Tangu leo, mwenye maji mlangoni ndiye aseme kwanza. Twende tukang'oe miche."

Wakapanda siku tatu. Fahali alichimba kwa pembe, Komba akashindilia matope. Viota viwili vikapona. Cha kwanza hakikurudi.

Baraza lililofuata, Bi Kobe alianza. Alisema polepole, kama anavyotembea, mpaka maji yakarudi, na hakuna aliyemkatiza. Ule wimbo haujamalizika hadi leo.

Funzo lake ni hili: penye wengi, asikilizwe kwanza mwenye shida ya leo, hata akiwa mdogo kuliko wote.

Hadithi yangu nimeiweka chini. Ikiwanogea, iokoteni, isiponoga, niachieni niipike upya.