Nani Amwitikie Mzee Sudi

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana hadithi hii ikifika mwisho nitadai jibu, na mimi sisahau nani alikuwepo.

Pale Ujiji palikuwa na mjane, Bi Tausi, na watoto wake watatu. Shomari alijaliwa ulimi. Angeweza kumbembeleza jogoo akaingia mwenyewe chunguni. Mwanamisi alijaliwa damu adimu, ileile ya mama yake, ambayo ndugu wengine wote walipimwa wakakosa. Kitinda mimba, Chausiku, alijaliwa masikio ya kusikia wasiyosikia wenzake, na hilo si jambo la kumwonea mtu wivu.

Bi Tausi alipata uvimbe tumboni, na daktari akasema dawa yake ni upasuaji tu. Mama akakataa. "Baba yenu aliingia chumba hichohicho, hakutoka," alisema. "Niacheni nife na tumbo langu zima." Shomari akakaa naye jikoni, akamenya naye mihogo, akaongea, akanyamaza, akaongea tena, mpaka mama akaweka kisu chini. "Haya, mwanangu. Nipelekeni." Lau angeendelea kukataa, uvimbe ungemmaliza.

Mwanamisi alikwenda kutoa damu, wakamrudisha. "Damu yako haikutoshi hata wewe," muuguzi alimwambia. Basi msichana asiyevumilia harufu ya maini akala maini, kapu zima la mchicha juu yake, huku ameziba pua na machozi yanamtoka. Walipompima tena wakamkubali. Na siku ya upasuaji mama alivuja damu vibaya mno. Bila ile ya Mwanamisi, tungekuwa tunahadithia msiba.

Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na jambo la Chausiku. Marehemu baba yao, Mzee Sudi, alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilibaki kwenye chumba cha uani kilichofungwa. Alasiri ya kuondoka kwenda hospitali, wakifunga mizigo, Chausiku aliisikia ikishona. Kisha ikaja sauti, taratibu, kama baba alivyozoea kuita akitaka chai: "Tausi."

Mnajua wenyewe, mtu akiitwa na asiyemwona haitikii. Anayeitika amekubali kwenda.

Mama naye alisikia. Aliacha kukunja kanga, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha Chausiku kuliko sauti. Mama alipofumbua mdomo, binti akamtangulia. "Abee," akasema. Cherehani ikanyamaza. Shomari na Mwanamisi hawakusikia chochote ila mdogo wao akimwitikia mtu asiyekuwepo.

Mama akapona, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Siku ya kisomo cha shukrani, wageni walipokwisha kuondoka, Shomari na Mwanamisi wakawa wanataniana juu ya sinia la wali, kila mmoja akidai ndiye aliyemwokoa mama. Chausiku hakula.

"Una nini, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Baba haiti tena Tausi. Kila alasiri ananiita mimi. Nimechoka kunyamaza, mama."

Bi Tausi akanawa mikono polepole. "Wito ule ulikuwa wangu. Leo nitauitikia mwenyewe."

"Mama, nilikubembeleza uishi," Shomari akasema. "Sikukubembeleza uende."

"Na damu uliyonayo ni yangu," Mwanamisi akasema. "Sijairuhusu iondoke."

"Basi aende mdogo wenu?"

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, na uani cherehani ikaanza kushona. Safari hii waliisikia wote wanne.

Mimi nimefika mwisho, sina zaidi. Mmoja alimpa mama nia ya kuishi, mmoja alimpa damu, na mmoja aliingia mahali pake. Sasa uhai ule ni wa nani, na nani ana haki ya kuurudisha? Msinitazame mimi, jina limeshaanza kuitwa. Je, wewe ungemwacha nani aitike?